Mpaka Ipoe

Kitwana alikuwa hata hajavua koti la pikipiki aliposikia hodi ya baba mkwe wake. Jana mzee alimzika dada yake, na Kitwana hakwenda mazikoni. Alituma salamu kwamba pikipiki imekufa, haiwaki kabisa.

“Shikamoo, baba. Poleni sana na msiba.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiyo kazi ya Mungu.”

Mzee Mbaruku alikunjua kitambaa chenye spana na vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu.

“Pikipiki ikigoma kuwaka, mara nyingi valvu zimebana,” alisema. “Nimekuja tuzirekebishe, usije ukaikosa na arobaini.”

Akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye injini. Akakiondoa upesi, akakipuliza.

Mke wa Kitwana, Mwanaidi, aliyekuwa anafagia ua, aliacha kufagia.

“Valvu hazipimwi injini ikiwa ya moto,” mzee alisema bila kumtazama mtu. “Chuma kimevimba, kipimo kitadanganya. Tusubiri ipoe.”

Akavuta kigoda, akaketi. Kitwana akaketi chini, koti likiwa bado mwilini na jasho likimtiririka. Mwanaidi alileta kikombe cha chai, akampa baba yake, akarudi ndani.

Injini ilikuwa ikilia ti, ti, ti, kama chuma kinavyolia kikipoa. Mzee alikunywa chai yote taratibu. Kisha akanyoosha mkono, akaigusa tena.

“Bado,” alisema.