Fuwele ya Chapwa

Panga lilishuka, na kidole gumba cha kaka yake Tabita kikaangukia kwenye mkeka, karibu na simu iliyokuwa bado inatetemeka kwa maoni ya watu.

Tabita alishachoka na mitandao, akaifuta yote. Alitaka tu kukuza fuwele za utafiti wake wa chuo ndani ya chupa za jamu. Kaka ndiye aliyeirekodi ile kubwa ya buluu, akairusha mtandaoni na kuandika: "Jiwe la kompyuta za kwantamu. Lipo Chapwa."

"Ni mrututu," Tabita alirudia. "Dawa ya kupulizia kahawa. Ni sumu."

"Dada, mimi nimezaliwa Mbozi, kwenye kahawa," alisema mwenye panga, aliyelifuata jiwe baada ya kuiona video. "Mrututu naujua, ni unga. Hili linang'aa."

Aliipangusa fuwele kwenye shati. Ilikuwa kubwa kama tende.

"Mpakani wanapekua hadi soksi," alisema, akijipiga tumbo. "Humu hawapekui. Lete maji."

Kaka, ameukumbatia kifuani mkono unaovuja damu, alimtazama dada yake. Kipande kama kile kinatosha kuua mtu.

Ukweli Tabita alikwisha kuusema.

Alijaza kikombe mpaka juu, akampa mwenye panga kwa mikono miwili.