Kikombe cha Nne

Mtu anapoamka, kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio humwamshia mambo yake yote: hofu, mapenzi, kumbukumbu. Sheria inakuruhusu kulizima jambo lisiamke nawe, kulifuta, hapana.

Asubuhi hiyo Mwanaidi alimimina uji vikombe vinne, kama kawaida yake, akajicheka, maana nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe Kombo na binti yao Subira. Kisha akafungua kwenye simu orodha ya mambo ya kidude chake ili azime woga wa radi, kwani masika yalikuwa yamebisha hodi. Chini kabisa akakuta mstari wa kijivu: Chande. Ulizimwa miaka saba iliyopita, kwa alama ya kidole chake mwenyewe.

"Baba Subira, huyu Chande ni nani?"

Kombo akapaliwa na uji. "Mtu wa zamani. Achana naye."

"Mbona nimemzima mwenyewe?"

"Uliniapisha nisiseme. Funga simu, tunywe uji."

Hakufunga. Kilichozimwa hakijafa, alijua. Kinangoja tu kuguswa. Akapeleka kidole taratibu. Kombo akaruka kutoka kitini.

"Mama Chande!"

"Abee!" Mwanaidi akaitika papo hapo, kama mwanamke aliyeitwa jina lake.

Kombo alijiziba mdomo, lakini maji yalikwisha kumwagika. Mwanaidi hakumtazama. Alikuwa akikitazama kile kikombe cha nne, uji wake bado unafuka moshi, na kidole chake kilikuwa kinashuka.