Mteremko wa Mau Narok

Mvua ya mawe ilikuwa imekatika, lakini mteremko wote wa kutoka Mau Narok ulikuwa mweupe. Cheruto aligusa breki, gari likateleza hadi ukingoni mwa mtaro kabla ya magurudumu kushika tena.

Kando yake, baba yake alikuwa ameshika kifua tangu watoke nyumbani. Hospitali ilikuwa Njoro. Kwenye kiti cha nyuma, mtoto wa Cheruto alikuwa amelala, amefungwa mkanda.

"Baba, nikaze mwendo?"

"Weka gia ya pili," mzee alisema kwa shida. "Breki usiguse. Uko na mtoto."

Ni yeye aliyemfundisha kuendesha, kwa pikapu ya viazi. Cheruto akatii. Gari likashuka polepole, barafu ikivunjika chini ya magurudumu. Kila kona alisikia pumzi ya baba ikizidi kufupika, na mguu wake ukatamani kukanyaga mafuta. Hakukanyaga.

"Hivyo hivyo, mama," mzee alinong'ona.

Walipofika chini, lami ilikuwa kavu. Cheruto alimgeukia baba yake, akamwita mara mbili. Pumzi ile fupi haikusikika tena.

Kisha akaendelea kwa mwendo ule ule, ingawa sasa angeweza kukimbia.