Sura Isiyofungiwa Njugu

“Nifungie ukurasa unaofuata,” Phelister alisema. Njugu zenyewe hakuzitazama.

Nangila alichana ukurasa, akaukunja umbo la pia, akajaza njugu za moto. Aliuza nje ya lango la nyumba za reli, Makongeni, na karatasi za kufungia alizinunua sokoni Gikomba kwa kilo: vitabu vikuukuu vilivyokwisha kupoteza majalada. Wateja walikula njugu, wakatupa karatasi. Phelister alikuwa wa kwanza kutaka kujua kilichofuata.

Hakuna aliyejua kwamba Nangila huvisoma vyote kabla ya kuvichana. Shule aliiachia darasa la tano, na mbele za watu sauti yake hurudi tumboni. Lakini kwa vitabu alikuwa hakimu mkali. Cha polisi na wezi alikichana siku ile ile, maana mwizi alimjua mapema, na polisi mwenyewe bado anazunguka tu. Cha msichana aliyekufa kwa mapenzi alikichana huku akisonya. Kimoja cha kufuga kuku alikipenda hata akakificha chini ya kitanda, hakikumdanganya mtu.

Hiki cha Phelister alikipenda kuliko vyote, mpaka sura ya mwisho. Kilimhusu mwanamke aliyepigwa na mumewe, akakimbilia kwa kaka yake. Mume akamfuata, akapiga magoti, akalia. Mwanamke akarudi. Mume akawasha taa, akampakulia chakula kwa mkono wake mwenyewe. Halafu ikaja sura ya mwisho, akamuua. Mwandishi gani huyu, Nangila aliwaza, anamlea mtu kitabu kizima kisha anamzika? Hasira zikampanda, akakihukumu kichanwe.

Na Phelister naye alikuwa amekimbilia kwa kaka yake, Okumu wa reli, jicho limevimba na mtoto mgongoni. Langoni pale nani hakujua?

Walipofika pa taa na chakula, mkono wa Nangila uligoma. Amfungie mwanamke yule kaburi, na njugu ndani? Sura ya mwisho akaisukuma chini ya gunia alilokalia.

“Haya, kinachofuata,” Phelister alisema kesho yake.

“Hakuna. Kimeisha.”

“Kimeishia pale? Wanakula?”

“Wanakula,” Nangila alijibu, macho chini.

Phelister alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi. “Kumbe wako wanaobadilika.”

Jumatatu, kabla hata jiko halijashika moto, Maurine wa sukuma wiki alimjia mbio kutoka kibanda cha pili.

“We Nangila, ulikuwa wapi jana? Bwire alikuja! Bwanake Phelister! Akambebea begi begani kama hamali wa Gikomba, wakatoka hapa mchana kweupe.”

“Wakaenda wapi?”

“Wapi tena? Si mtu na bwanake? Tassia, kwao! Na vile alikuwa ameapa, heh! Haki mapenzi ni ugonjwa, wangetuchanja tukiwa wadogo.”

Njugu ziliungua siku hiyo, wateja wakalalamika, Nangila hakusikia. Mtu alikuwa ameandika onyo. Limepigwa chapa, limeuzwa, limetupwa, likasafiri hadi Gikomba, likamkuta mwenye kulihitaji. Na yeye akalikalia, tena kwa makalio yake mwenyewe, eti halikumfurahisha.

Usingizi ukamhama. Kila mwanamke alipopiga kelele mtaani, hata akimwita mtoto aje aoge, Nangila alishtuka. Okumu wa kumuuliza alikuwa safarini na treni. Alhamisi hakuwasha jiko. Aliitia ile sura kifuani, akaenda Tassia.

Nyumba hakuijua, ila Phelister alikuwa amewahi kumtajia: juu ya duka la mafuta ya taa, mlango wa samawati. Alipanda ngazi akirudia maneno atakayosema. Nisamehe, hakikuisha pale. Chukua, soma, toka leo hii.

Mlango ulifunguliwa na mwanaume mwenye mikono mikubwa. Ndani hapakuwa na sauti ya mtoto.

“Phelister yuko?”

“Hayupo.”

Akashika ukuta. Nyuma ya mwanaume, juu ya meza, aliziona kurasa zake. Zote. Zimenyooshwa kwa pasi, zimepangwa moja baada ya nyingine, madoa ya mafuta ya njugu bado yanang'aa.

“Wewe ni yule dada wa njugu,” Bwire alisema. “Mbona umeegemea ukuta?”

“Umemfanya nini?”

Swali lilimtoka kabla haya haijalizuia. Bwire hakukasirika. Alitazama mikono yake, akaiweka nyuma.

“Jumapili nilimpandisha basi, yeye na mtoto, waende kwa mama yake Siaya. Alitaka kurudi hapa. Nilimkataza.”

Nangila aliachia ukuta.

“Kila Jumapili usiku nilikuwa nakuja Makongeni kumwomba msamaha,” Bwire aliendelea. “Mlango hafungui. Ananipitishia hizi karatasi dirishani. Ananiambia, soma kwanza, ndio uongee. Nikasoma. Dada yangu, sijawahi kuona kitabu kikanijua hivyo. Nilikipenda, hata kiliponichoma. Mwisho tu ndio nimeuchukia. Yeye Phelister ulimfurahisha sana, ndiyo akafungua mlango. Lakini ule mwisho ni uongo.”

“Uongo kivipi?” Nangila alinong'ona, mkono kifuani, juu ya karatasi.

“Yule mwanaume namjua mimi,” Bwire alisema. “Angemuua.”