Tonge la Mkono wa Kulia

Tangu sheria ikataze kumlisha mtu aliyepooza, eti akilishwa ubongo haujifunzi upya, Mwanaheri hukaa tu akimtazama mumewe. Miwani ya hospitali aliyovishwa machoni humwonyesha Mzee Shekuwe mkono wake wa kulia ukimega ugali na kuchovya mchuzi. Mkono wenyewe umelala pajani, haujitingishi. Wa kushoto, ulio mzima, umefungwa kitini usimsaidie.

Mzee anatafuna hewa, anameza mate.

"Leo samaki umempatia, mke wangu."

Mwanaheri alimega tonge, akalipeleka mdomoni mwa mumewe. Miwani ikapiga kelele: akirudia, mgonjwa atachukuliwa. Akalirudisha sahanini.

Mzee Shekuwe, mbavu zote nje, alicheua.

"Alhamdulillahi, nimeshiba. Kula na wewe basi, Mwanaheri. Siku hizi naona unakonda."