Mkwe Aliyetulia

Nyigu wa kwanza aliingia kwenye mguu wa kulia wa suruali pale kinyozi alipotamka, "Mzee wangu, nimekuja na jambo la heshima."

Hakuruka. Mtu mwingine angeruka, angepiga mayowe, angeivua suruali palepale na kuiacha ijitetee yenyewe. Kinyozi alishusha pumzi taratibu, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akatabasamu.

Alikuwa ameonywa. "Baba anataka mtu aliyetulia," mchumba wake alimwambia asubuhi ile, akimnyoosha kola. "Wa kwanza kuja kuniposa alitikisa mguu, akafukuzwa. Wa pili alijikuna shingo, na hata kujikuna kwenyewe hakumaliza. Sijamwambia yeyote nyumbani unakuja kwa shida gani, maana baba ukimwambia mapema anakasirika mapema. Utamwambia mwenyewe. Ila nakujua, mpenzi, wewe hukai bila kuchezacheza. Leo hata ukiungua moto, ungua kimyakimya."

Kinyozi aliahidi. Alimpenda binti yule mpaka siku nyingine alisahau kumnyoa mteja upande wa pili. Na binti alishasema wazi: bila ndiyo ya baba, hakuna ndoa.

Baba mwenyewe alikuwa fundi wa paa ambaye nusu ya mtaa humjia kuazima ngazi, bonge la mtu, shingo na mabega havijulikani vinaachania wapi. Ndani mkewe alikuwa anapaka rangi ukutani, kwa hiyo mgeni alikaribishwa uani, kwenye meza ya mabaki ya mbao iliyokuwa haijakaliwa tangu mvua zianze. Chini yake kulikuwa na mvumo mdogo. Kinyozi alipokaa alidhani ni redio ya jirani. Sasa alijua si redio.

"Enhe," mzee alisema, meno yamekazana.

"Mimi ni kinyozi, mzee. Nina duka langu, nina viti vyangu, nina..."

Nyigu wa pili akamchoma nyuma ya goti. Kinyozi akaona nyota mchana kweupe.

"...nina nidhamu," alimalizia, kwa sauti ya juu kuliko alivyopanga.

Mzee hakupepesa macho. Alimkodolea tu, mikono imeng'ang'ania ukingo wa meza utadhani anataka kuing'oa. Mshipa ulimsimama kwenye paji la uso na jasho jembamba likamtiririka mpaka kidevuni. Kinyozi hakuwahi kuona uso wenye hasira namna ile. Alitaka kukimbia, kwa sababu ya huo uso na kwa sababu ya suruali pia, lakini akamkumbuka binti na kola yake, akajikaza.

"Endelea," mzee alisema. Sauti ilitoka nyembamba, haikulingana kabisa na mwili.

"Mzee, mimi nampenda binti yako. Nampenda kweli. Nitamtunza, nitamheshimu, na siku atakayolia kwa ajili yangu, mimi nitakuwa nimekwisha."

Chozi likamdondoka mzee. Likafuata lingine. Hakulifuta.

Kumbe ana moyo, kinyozi aliwaza. Kwa dakika nzima alisahau kabisa mapaja yake. Baadaye nyigu mmoja, aliyekuwa akipanda polepole kama mpangaji anayekagua vyumba, alifika mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa.

"Kwa hiyo mzee, naomba... naomba... iiih... naomba ridhaa yako!"

"Nimekubali."

"Mzee?"

"Nimekubali, kijana! Kwa mikono miwili! Tumemaliza?"

"Tumemaliza, mzee."

Mzee akainuka. Aliinuka kidogokidogo, mgongo umenyooka, magoti yameshikamana, akaelekea ndani kwa hatua fupifupi bila kugeuka nyuma. Kinyozi alimwangalia kwa heshima kubwa. Hata katika siku nzito kama hii, mzee hakupoteza haiba yake.

Mlango ulipofungwa tu, kinyozi akafumuka. Aliruka juu, akajipiga mapaja, akazunguka rundo la mabati akipiga mayowe, akajipiga tena. Mchumba wake akatoka mbio jikoni.

"Kakubali?"

"Kakubali! Uwiii! Kakubali!"

Binti naye akaanza kuruka. Wakaruka pamoja, mmoja kwa furaha, mwingine kwa furaha na mambo mengine. Ndani ya nyumba ukasikika ukelele mrefu, mzito, uliotikisa madirisha.

"Msikie baba," binti alisema, mkono kifuani, machozi yakimlengalenga. "Sijawahi kumsikia akifurahi hivi."

Kinyozi alimshika mkono. Goti lilikuwa limevimba kama embe na kwingine hakutaka kukagua, lakini moyoni alikuwa mwepesi. Ameshinda. Yeye, mtu wa kuchezacheza, ametulia kuliko wote waliomtangulia. Alianza hata kufikiria suti.

Mlango ukafunguliwa tena. Mama mtu akatoka, rangi ya ukuta imemganda kwenye nyusi, ameishika suruali ya mumewe kwa ncha za vidole. Akaikung'uta. Akadondoka nyigu mmoja, kisha mwingine, kisha kundi zima.

"Samahani, baba," alimwambia kinyozi. "Mzee amekalia beseni la maji baridi, hawezi kutoka. Anauliza, hiyo ngazi uliyokuja kuazima, utairudisha lini?"