Waya wa Kiyoyozi

Kiyoyozi kilizima tena walipovuka daraja la Sukkur, na joto la Juni likajaa garini. Kwenye kiti cha nyuma, mke wa Gulsher akaanza kumpepea kichanga wao kwa ncha ya mtandio. Walikuwa wametoka naye hospitali asubuhi ile.

"Gesi imeisha," Gulsher alisema, mikono kwenye usukani.

"Gesi gani inaisha halafu inarudi?" baba mkwe wake alijibu kando yake, macho dirishani. Tangu harusi ambayo hakuitaka, mzee huyo hakuwahi kumwita Gulsher hata kwa jina.

Gari likaruka tuta, baridi ikarudi. Tuta lililofuata, ikakata. Mzee akavua kofia, akajikunja chini ya dashibodi na kupapasa waya mmoja baada ya mwingine. Ghafla baridi ikarudi.

"Soketi imelegea. Nikiibana, inashika."

"Nisimame tutafute utepe?"

"Usisimame. Mtoto kashalala."

Akabaki hivyo hivyo, mgongo umepinda, bega limebanwa mlangoni, vidole viwili vimeng'ang'ania soketi ya moto. Gulsher aliziona kucha zake zikigeuka nyeupe, na jasho likidondoka kutoka kwenye ndevu zilizotiwa hina.

"Baba, utaungua."

"Wewe angalia mashimo. Endesha taratibu, mwanangu."

Gulsher alikuwa amesikia vizuri kabisa. Hata hivyo akapunguza mwendo, akainamisha kichwa upande wa mzee.

"Unasemaje, Baba?"